Kodi zisizo za mapato ndani ya bei ya gesi: kwa nini mnunuzi wa nchi jirani azifahamu

Kampuni inayosafirisha na kusambaza gesi asilia hulipa kodi za aina nyingi. Inayofahamika zaidi ni kodi ya mapato, ambayo hutozwa kwenye faida. Lakini kabla kampuni haijaifikia hiyo faida, kuna kodi, tozo na ushuru ambao ni lazima ulipwe, iwe kampuni imepata au imekosa. Katika vitabu vya hesabu malipo hayo huandikwa kama gharama za uendeshaji, pamoja na mishahara, mafuta ya magari na matengenezo ya bomba. Kwa sababu hiyo huingia moja kwa moja katika bei anayolipa mteja.

Kwa wafanyabiashara wa ukanda wetu jambo hili linazidi kuwa na uzito. Mwezi Mei 2021 Kenya na Tanzania zilitia saini hati ya makubaliano kuhusu kusafirisha gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Mwezi Novemba 2023 Tanzania na Uganda nazo zilitia saini makubaliano kuhusu bomba la gesi. Siku gesi itakapovuka mpaka, mwenye kiwanda cha Mombasa au Kampala atakuwa analipia pia kodi za nchi ambayo yeye si raia wake wala mpiga kura wake. Makala haya yanaeleza kodi hizo ni zipi, zinahesabiwaje, na mnunuzi aulize nini kabla ya kutia saini.

Kodi zinazohesabiwa kama gharama za uendeshaji

Tuichukue Tanzania Bara, ambako gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, ilianza kutumika kuzalisha umeme mwaka 2004, na ambako bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Kampuni ya gesi nchini humo hukutana na malipo yafuatayo:

1. Ushuru wa huduma. Huu ni wa halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaruhusu halmashauri kutoza kiasi kisichozidi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni, baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) na ushuru wa bidhaa. Hutozwa kwenye mauzo, wala haujali kama kuna faida.

2. Tozo ya mdhibiti. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hujiendesha kwa fedha za wale inaowasimamia. Sheria yake inaweka ukomo wa asilimia 1 ya mapato ghafi ya shughuli zinazodhibitiwa.

3. Tozo zinazofuata mishahara. Tozo ya kuendeleza ujuzi, inayojulikana zaidi kama SDL, ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa sekta binafsi ulishushwa hadi asilimia 0.5 mwaka 2022. Yote mawili hubebwa na mwajiri na si makato ya mfanyakazi.

4. Kodi na ada za mali. Humu mna kodi ya pango la ardhi, kodi ya majengo ya ofisi na maghala, ada za leseni, ushuru wa stempu kwenye mikataba na ada za vibali vya mazingira na usalama.

Malipo haya manne yana tabia moja. Yanatoka kwa sababu kampuni ipo, inauza, ina wafanyakazi na ina mali. Faida haihusiki.

Kodi zinazofanana nazo lakini si gharama za uendeshaji

Wasomaji wengi wa taarifa za fedha hukosea hapa, kwa hiyo ni vizuri kuzitenganisha.

VAT ya kawaida si gharama ya kampuni. Kampuni huitoza kwa mteja, hutoa ile iliyolipa kwa wauzaji wake, na kupeleka tofauti serikalini. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na asilimia 16 Kenya. Hata hivyo kuna mtego. Bidhaa ikiwekwa kwenye kiwango cha sifuri, muuzaji anarudishiwa VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake. Bidhaa ikisamehewa tu, harudishiwi, na ile VAT aliyolipa inageuka kuwa gharama yake na kuingia katika bei. Kwa hiyo neno "msamaha" halimaanishi kwamba kodi imetoweka. Anayesoma tangazo la bajeti aangalie ni lipi kati ya hayo mawili limeandikwa.

Kodi inayokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi, maarufu kwa jina la PAYE, nayo si ya kampuni. Kampuni ni mkusanyaji tu.

Ushuru wa forodha kwenye mabomba, vali na mita huwekwa katika thamani ya mali yenyewe, pale usiporudishwa. Hauonekani mwaka huo kama gharama ya kodi. Hutoka kidogo kidogo kwa miaka mingi kupitia uchakavu. Kwa maneno mengine, ushuru uliolipwa bandarini leo utakuwa bado ndani ya bei ya gesi miaka ishirini ijayo.

Mrabaha hulipwa na mzalishaji anayetoa gesi ardhini. Kwa msambazaji umekwisha kufichwa ndani ya bei ya kununulia gesi.

Mfano wa hesabu

Tuchukue kampuni ya kubuni yenye mauzo ya Sh bilioni 100 kwa mwaka na mishahara ya Sh bilioni 8. Gharama zake zote nyingine, yaani kununua gesi, mishahara, matengenezo, uchakavu na riba, ni Sh bilioni 88.

Ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ni Sh milioni 300. Tozo ya mdhibiti, tukitumia ukomo wa asilimia 1, ni Sh bilioni 1. SDL ya asilimia 3.5 ni Sh milioni 280. WCF ya asilimia 0.5 ni Sh milioni 40. Jumla ni Sh bilioni 1.62.

Faida kabla ya kodi ya mapato inabaki Sh bilioni 10.38. Kodi ya mapato ya asilimia 30 ni takriban Sh bilioni 3.11, na wenye hisa wanabaki na takriban Sh bilioni 7.27.

Sasa mwaka unaofuata kiwanda kimoja kikubwa kinafungwa. Mauzo yanashuka hadi Sh bilioni 80, na gharama nyingine nazo zinashuka hadi Sh bilioni 80 kwa kuwa gesi inayonunuliwa ni kidogo. Kabla ya tozo, kampuni imetoka sare. Lakini ushuru wa huduma bado ni Sh milioni 240, tozo ya mdhibiti Sh milioni 800, na SDL na WCF ni zile zile Sh milioni 320. Jumla Sh bilioni 1.36, na hiyo yote ni hasara. Kodi ya mapato kwa hesabu ya kawaida ni sifuri.

Hapo tofauti inaonekana wazi. Kodi ya mapato hupungua faida inapopungua, na hukoma ikifika sifuri. Kodi zisizo za mapato haziijui hasara. Mwaka mbaya ndio zinapouma zaidi.

Kuna jambo jingine la kutambua katika mfano huu. Kwa kuwa tozo hizi hutolewa kabla ya kukokotoa kodi ya mapato, kila Sh 100 ya tozo hupunguza kodi ya mapato kwa Sh 30. Mzigo halisi kwa kampuni yenye faida ni Sh 70. Kampuni yenye hasara haipati nafuu hiyo mwaka huo. Hubeba Sh 100 nzima na kusubiri miaka ya faida.

Kodi ikipigwa kwenye mauzo

Kodi ya mauzo ina tabia mbili zinazomgusa mnunuzi.

Kwanza, ikiongezwa kwenye bei, nayo inatozwa kodi. Kampuni inayohitaji kubaki na Sh bilioni 100 baada ya kulipa asilimia 0.3 haitoshi kuongeza Sh milioni 300. Inabidi igawe 100 kwa 0.997, ipate takriban Sh bilioni 100.301. Kwa kiwango kidogo tofauti haionekani. Kwa kiwango cha asilimia 5 hesabu inakuwa 100 kugawanya kwa 0.95, yaani Sh bilioni 105.26, na mteja analipa zaidi ya ile asilimia 5 aliyosikia ikitangazwa.

Pili, hurundikana. Mzalishaji anamuuzia mnunuzi wa jumla, wa jumla anamuuzia msambazaji, msambazaji anamuuzia mwenye kiwanda. Kila gesi inapouzwa upya, ushuru wa mauzo hutozwa kwenye bei nzima, na hakuna marejesho kama ya VAT. Mlolongo wa mauzo matatu unaweza kukaribia mara tatu ya kiwango kilichoandikwa kwenye sheria.

Wakati mwingine kodi ya mauzo huja ikiwa imevaa jina la kodi ya mapato. Kenya ilianzisha kodi ya kima cha chini ya asilimia 1 ya mauzo mwezi Januari 2021, ilipwe hata na kampuni yenye hasara. Mahakama Kuu iliibatilisha mwezi Septemba 2021 na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwezi Desemba 2022. Hoja kubwa ilikuwa kwamba kodi ya mapato inapaswa kutozwa kwenye faida. Mhasibu naye huuliza swali hilo hilo: msingi wa kodi ni faida, au ni kitu kingine? Viwango vya kimataifa vya uhasibu, vinavyotumika Kenya, Tanzania na Uganda, vina kanuni za kodi za faida peke yake. Tozo nyingine za serikali zina mwongozo wake, ulioanza kutumika 1 Januari 2014, unaosema deni liandikwe pale tukio linalosababisha tozo linapotokea. Kama sheria inasema anayemiliki mali tarehe 1 Januari ndiye mlipaji, deni lote huandikwa siku hiyo, ingawa fedha zitalipwa baadaye.

Marekani wanavyofanya

Nchi ambako mgawanyo huu umewekwa wazi zaidi ni Marekani, na inafaa kuutazama kwa kuwa makampuni mengi ya gesi huko yanamilikiwa na watu binafsi lakini bei zao hupangwa na mdhibiti. Tume ya shirikisho ya nishati, FERC, ina orodha rasmi ya akaunti kwa makampuni ya gesi. Akaunti namba 408.1 ni ya kodi zisizo za mapato zinazohusu shughuli za huduma, na namba 409.1 ni ya kodi ya mapato. Tume za majimbo, ambazo ndizo hupanga bei za usambazaji mijini, nazo hufuata utaratibu unaofanana na huo.

Ndani ya 408.1 huingia kodi ya mali, kodi za mapato ghafi na michango ya mwajiri ya hifadhi ya jamii, ambayo ni asilimia 6.2 ya mshahara hadi ukomo fulani, na asilimia 1.45 ya bima ya afya ya wazee. Kwa makampuni mengi kodi ya mali ndiyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa bomba lililofukiwa chini ya barabara huhesabiwa kuwa mali yenye thamani. Hapa kuna tofauti na kodi ya majengo ya Tanzania, ambayo hulenga majengo.

Mdhibiti anapopanga bei hujumlisha gharama za uendeshaji, uchakavu, kodi za aina zote mbili na faida halali kwenye mtaji. Kodi zisizo za mapato hupita kama zilivyo, shilingi kwa shilingi, mradi zimethibitishwa kwa risiti. Kodi ya mapato hukokotolewa kutokana na ile faida inayoruhusiwa. Ndiyo maana kiwango cha shirikisho cha kodi ya makampuni kiliposhuka kutoka asilimia 35 hadi 21 kuanzia 2018, wadhibiti waliweza kuona mara moja fungu gani la bei lipungue, na fungu la kodi nyingine halikuguswa.

Tatizo lao kubwa ni muda. Bei ikishapangwa, hukaa hivyo hadi kampuni irudi kwa mdhibiti. Kodi ya mali ikipanda katikati, wenye hisa ndio hubeba tofauti. Ikishuka, wao ndio hufaidi. Jimbo la Kansas lina sheria inayoruhusu mabadiliko ya kodi ya mali kuingizwa kwenye ankara za wateja bila kusubiri mapitio kamili ya bei. Missouri ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuweka pembeni tofauti hizo na kuzihesabu kwenye mapitio yanayofuata. Wanaopinga utaratibu wa namna hii husema kampuni isiyo na hofu ya kodi kupanda haitahangaika kukata rufaa dhidi ya tathmini kubwa mno.

Fedha hizi zinakwenda wapi

Si haki kuzitazama kodi hizi kama mzigo tu. Kodi ya mapato huenda hazina kuu. Ushuru wa huduma hubaki halmashauri, na kwa wilaya kama Kilwa ni moja ya njia chache ambazo gesi huacha shilingi mahali inapotoka. Halmashauri haina hisa katika kisima, wala haipokei kodi ya faida.

Mwezi Januari na Mei 2013 wakazi wa Mtwara walipinga mpango wa kusafirisha gesi kwa bomba kwenda Dar es Salaam, na vurugu za mwezi Mei ziligharimu maisha ya watu. Kilio chao kilikuwa kwamba gesi inaondoka na manufaa yake yanaondoka nayo. Yeyote anayependekeza kufuta tozo za mitaa ili gesi iwe rahisi kwa mnunuzi wa mbali akumbuke mwaka huo.

Lakini halmashauri nayo ina la kuangalia. Ushuru wa mauzo unategemea kiasi kinachouzwa na bei yake. Kiwanda kikikimbilia makaa ya mawe au mafuta mazito kwa sababu gesi imepanda, ushuru unashuka. Na pale mauzo yanapofanyika wilaya moja na gesi inatoka wilaya nyingine, ni lazima iandikwe wazi halmashauri ipi inalipwa. La sivyo mbili zitadai, na kampuni ama italipa mara mbili ama itamkatalia kila moja kwa kumtaja mwenzake.

Bomba likivuka mpaka

Bomba la kuvuka mpaka lina serikali mbili, halmashauri au kaunti nyingi njiani, na mteja mmoja mwishoni. Kila moja inaweza kuongeza tozo yake. Mfano wa karibuni, ingawa ni wa umeme, ulitokea Nairobi mwezi Februari 2025. Kampuni ya Kenya Power ilikata umeme katika ofisi za kaunti kwa madai ya deni, na kaunti nayo ilidai mabilioni ya shilingi kama ada ya njia za nguzo na nyaya. Taka zilimwagwa nje ya makao makuu ya kampuni hiyo. Sheria ya Nishati ya Kenya ya 2019 inakataza kutoza miundombinu ya umma ya nishati bila idhini ya waziri, na bado mgogoro ulifika barabarani.

Ukanda wetu una mfano wa kupanga mapema. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, lenye kilomita 1,443, lilitanguliwa na mkataba wa serikali mbili wa Mei 2017, kisha kila serikali ikasaini mkataba wake na kampuni mwaka 2021, ambamo masuala ya kodi yamo. Kusini mwetu, gesi ya Msumbiji imekuwa ikipita kwa bomba la kilomita 865 hadi Secunda, Afrika Kusini, tangu 2004. Mdhibiti wa Afrika Kusini, NERSA, katika mwongozo wake wa malipo ya bomba huweka gharama za uendeshaji katika fungu moja na kodi ya mapato katika fungu lake. Mnunuzi anaweza kuona ni kipi kimepanda.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Mwenye kiwanda, hoteli au kituo cha kujaza gesi anayeletewa mkataba wa kununua gesi ya nchi jirani apate majibu ya maandishi kwa maswali haya:

1. Bei iliyotajwa imeshajumlisha tozo zote za nchi ya muuzaji, au zitaongezwa kwenye ankara?

2. Tozo mpya ikianzishwa baada ya kusaini, nani anaibeba? Na tozo ikifutwa, bei itashuka kwa kiasi hicho hicho? Mikataba mingi hujibu swali la kwanza na kunyamazia la pili.

3. Tozo za mauzo zimetozwa mara ngapi kabla gesi haijafika kwangu, na kuna njia ya kupunguza mauzo ya katikati?

4. Gesi inayouzwa nje iko kwenye kiwango cha sifuri cha VAT, au imesamehewa tu?

5. Kodi ya mapato ya muuzaji imetenganishwa na tozo nyingine? Muuzaji asiye na faida asikutoze fungu la kodi ya mapato asiyolipa.

6. Ni halmashauri au kaunti zipi zinazolipwa, na kwa stakabadhi gani?

Muuzaji mwenye hesabu safi hatasumbuka kujibu, kwa kuwa takwimu hizi tayari ziko kwenye vitabu vyake, akaunti moja moja. Asiyeweza kuzitenganisha, bei yake mnunuzi hana namna ya kuikagua, na itakapopanda hatajua kama iliyopanda ni kodi, gesi au tamaa.